Jinsi ya Kushindwa Jukwaani na Kuondoka na Heshima Zako

Unataka kufanya sanaa itakayobadili jamii, na ungependa pia watu wakujue kwa hilo. Usione haya. Mcheza kwao hutunzwa, na msanii asiyependa kutunzwa bado hajazaliwa. Sogea karibu nikupe siri: njia ya mkato ipo. Inakudai kitu kimoja tu, nacho ni kushindwa. Ushindwe mbele za watu, kwa makusudi, tena kwa ufundi. Ukishindwa vizuri, watazamaji watafanya kazi ambayo ungeihangaikia peke yako mpaka uzeeke usiimalize. Na wewe mtazamaji usiondoke, zamu yako inakuja.

KWA MSANII

1. Usimalize igizo.

Hapa uvivu unalipa. Andika mpaka pale pabaya kabisa, pale ambapo mnyonge amebanwa ukutani, halafu weka kalamu chini. Usimletee mjumbe wa busara, wala usimlete mwovu atubu dakika ya mwisho.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi wetu, Mathias Mnyampala akiwa mbele, waliipa nchi ngonjera. Anasimama anayejua, anasimama asiyejua, wanajibizana kwa vina na mizani, na mwishowe asiyejua anakubali. Ngonjera zilifikisha siasa mpya mpaka kwenye shule za vijijini, na hiyo si kazi ndogo. Lakini tazama alichobakiwa nacho msikilizaji. Swali limeulizwa kwa niaba yake, limejibiwa kwa niaba yake, na kuna mtu amekwisha kushawishika kwa niaba yake. Kilichobaki ni kupiga makofi na kwenda kula.

Ukitaka mtu aondoke na mzigo, mwachie wa kubeba.

2. Hadithi yako waitunge wao.

Unaona uchovu wa kufanya utafiti? Basi usijifungie na makaratasi. Nenda ukaulize.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo mkobani. Walikaa na wanakijiji, wakauliza kinachowasumbua, na maonyesho yakaundwa kutokana na majibu hayo, kwa ngoma za pale pale. Mwaka 1996 wakapiga hatua nyingine kwa mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Humo wasichana wenyewe wanataja kinachowakwamisha masomoni, wanakiigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha wanakaa kuzungumza nini kifanyike.

Umeona faida? Msanii anayeuliza huonekana msikivu, tena hupewa bure hadithi ambayo asingeibuni hata akikesha. Na aliyekupa hadithi yake hawezi kukaa nyuma siku ya onyesho huku amekunja mikono. Atakuja mapema kuangalia kama umeiharibu. Mwache akusahihishe mbele za watu, maana tayari ameanza kuwajibika.

3. Jukwaa lako wakujengee wao.

Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na wanakijiji. Mazoezi yalifanyika uwanjani, kila mpita njia akiona. Watu walisimama wakatazama, kisha wakaanza kusahihisha. Wazee walisema mzee haongei hivyo. Wafanyakazi wa viwandani walisema mishahara na kazi za kiwandani haziko hivyo. Waandishi wakafuta, wakaandika upya. Wanakijiji hao hao wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000.

Sasa fikiri mwenyewe. Mtu aliyebeba mbao za jukwaa, akamsahihisha mwandishi, akamwona binti yake akiigiza, utamwitaje mtazamaji? Kazi ni yake. Msanii mwenye majivuno ya kijinga hukasirika akisahihishwa. Wewe uwe na majivuno ya maana: jisifu kwa idadi ya watu waliokurekebisha.

4. Shindwa, kisha mpishe mwenzako.

Hii ndiyo hatua kuu, na anayestahili shukrani ni Augusto Boal wa Brazili. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Siku hizo alikuwa akiigiza tatizo la mtu mpaka kwenye kilele, kisha anawaomba watazamaji watoe ufumbuzi, na waigizaji wanaujaribu. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma akaleta kisa chake: mumewe alikuwa akimpa karatasi amtunzie, akimwambia ni za nyumba, kumbe ni barua za hawara. Mume anarudi jioni. Ampokee vipi?

Mashauri yakatolewa, yakaigizwa. Mama mmoja ukumbini akasema mke azungumze na mumewe kwa uwazi. Mwigizaji akajaribu. Mama akasema siyo hivyo. Mwigizaji akaongeza ukali. Bado siyo hivyo. Mama akaghadhibika, na Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Mama akapanda, akashika ufagio, akamfahamisha mume yule wa kuigiza maana ya mazungumzo ya wazi.

Hapo Boal aligundua kitu ambacho shule za uigizaji zilikuwa hazijamfundisha: ukalimani wa msanii una mwisho. Kuna jambo ambalo mwenye nalo hawezi kumwagiza mtu alifanye, lazima apande mwenyewe. Kutokana na siku hiyo akajenga mtindo ambao leo unachezwa duniani kote. Kanuni zake ni chache. Igizo linachezwa mara moja mpaka mnyonge ashindwe. Linarudiwa. Mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!", akashika nafasi ya mnyonge na kujaribu njia yake. Waigizaji wengine hawatoki kwenye nafasi zao: mwenye nguvu anabaki na nguvu zake na anapinga kama angepinga kweli.

Kwa hiyo mwigizaji mkuu, kazi yako ni kushindwa kwa haki. Usishindwe kipumbavu, watu watakucheka na kukuacha ulivyo. Shindwa kama anavyoshindwa mtu mwenye akili aliyechoka. Mtazamaji akikuona hivyo kiti kitamchoma.

5. Jizoeze kwa kisa hiki.

Chukua mfano huu uufanyie kazi kesho. Matanga yameanuliwa juzi. Mjane amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Shemeji anaingia bila hodi. Anauliza watoto wameamkaje. Anamsifu marehemu. Halafu kwa sauti ya upole kabisa: "Shemeji, zile karatasi za kiwanja naomba nikutunzie mimi. Humu ndani panya wengi." Mjane anasita. Anaingia chumbani. Anatoka na bahasha. Simamisha igizo hapo hapo, bahasha ikiwa baina ya mikono miwili.

Rudia tangu mwanzo, watu wapande.

Wa kwanza atakuwa kijana, atamfokea shemeji. Shemeji asikubali kirahisi. Amjibu polepole kwamba mama mkwe yupo chumba cha pili anasikia, na kwamba watoto ni wa ukoo. Kijana ataishiwa. Mpigieni makofi, ashuke na heshima zake. Wa pili atasema hajui karatasi ziliko, na shemeji atajibu, "Basi tutafute wote." Halafu atasimama mama aliyekuwa nyuma muda wote, atakaza kanga kiunoni na hatafoka. Atasema: "Sawa, shemeji. Tuitishe kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, tuupeleke pamoja na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Akishateuliwa, hata akiwa wewe, nitamkabidhi bahasha mbele ya mashahidi."

Shemeji atatafuta jibu. Ukumbini watu wataanza kubishana wao kwa wao. Na ukoo ukimteua shemeji huyo huyo? Na kama ndoa haina cheti? Na nauli ya kwenda mahakamani atatoa nani? Usiingilie. Hakuna mwandishi anayeweza kukaa mezani akaandika maswali hayo yote, maana kila moja lina mtu aliyewahi kuliishi. Umeshindwa kwa dakika kumi, na kijiji kimepata shule ya mirathi.

6. Usiahidi damu ya mwenzako.

Njia za mkato nyingine zote nimekuruhusu, lakini hii nakukataza. Miaka ya 1960 kundi la Boal lilikuwa likizunguka kaskazini-mashariki mwa Brazili likiwachezea wakulima. Onyesho lilikwisha waigizaji wakiwa wameinua bunduki, wakiimba kwamba ardhi ipiganiwe hata kwa kumwaga damu. Mkulima mmoja, Virgílio, aliguswa sana. Akawaambia twendeni basi, mje na bunduki zenu, tukamwondoe yule aliyetupora ardhi. Wasanii wakaeleza kwa aibu kwamba bunduki ni za kuigizia. Mkulima akasema hilo si neno, bunduki za kweli wanazo, zitawatosha wote. Wakaeleza tena kwamba wao ni wasanii, si wapiganaji. Ndipo alipofahamu kwamba damu iliyokuwa ikiimbwa ilikuwa damu ya wakulima.

Boal hakurudia tena kumwelekeza mtu hatari ambayo yeye mwenyewe haikabili, na wewe usirudie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujawaambia watu waandamane, wagome au wamshtaki mkubwa, jiulize wewe utakuwa wapi siku hiyo. Kama jibu ni kwenye basi la kurudi mjini, futa mstari huo.

Wapo waliolipa kwa miili yao. Boal alikamatwa mwaka 1971 na utawala wa kijeshi, akateswa, akaishia uhamishoni. Kule Kamĩrĩĩthũ, kibali cha onyesho kilifutwa Novemba 1977, wiki chache tu baada ya kuanza. Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 ukumbi ule waliojenga wanakijiji ukabomolewa, na Ngũgĩ wa Mirii akakimbilia Zimbabwe, akaendelea na sanaa za jamii huko. Sikutishi. Nataka ujue bei kabla hujaitangaza kwa wengine.

KWA MTAZAMAJI

7. Ushauri wa mkekani hauna bei, kwa hiyo uache.

Sasa wewe uliyekuja "kuangalia tu". Najua unachopenda: kukaa pembeni na kumwambia jirani kwamba ungekuwa wewe yule shemeji angekutambua. Najua pia unapenda kuonekana mwenye akili. Vyema, jukwaa ni la bure na taa zimewashwa. Panda.

Usiniambie kwamba sisi si watu wa kupanda jukwaani. Nenda kwenye taarabu. Wimbo ukigusa penyewe, mama anaondoka kitini, anapita katikati ya ukumbi na noti yake mkononi, anamtunza mwimbaji huku amemgeukia anayemlenga. Hakutunga ubeti hata mmoja, lakini usiku ule wimbo ni wake na ukumbi mzima unajua. Hata hadithi ya bibi haianzi mpaka mjukuu aitikie "Pakawa!" Mtazamaji wa kukaa kimya gizani ndiye mgeni kwetu.

Na kama huwezi kuigiza, ni nafuu zaidi. Hakuna atakayekulinganisha na wasanii. Sema neno ambalo ungelisema nyumbani kwako, kwa sauti unayoitumia nyumbani kwako.

8. Kataa miujiza.

Utashawishika kushinda haraka. Utapanda na kusema kwamba ghafla mjomba ametoka Dubai na wakili, au shemeji ameota ndoto akaokoka. Watu watacheka na utapata makofi. Halafu mwezeshaji, yule anayeongoza mchezo, atauliza ukumbi swali moja: hilo linawezekana hapa kwetu? Watasema hapana, nawe utashuka.

Jiepushe na aibu hiyo kwa kupima mwenyewe mapema. Je, ninachokipendekeza nimewahi kukifanya? Namjua aliyekifanya? Ningekifanya kesho asubuhi kwa fedha niliyonayo mfukoni? Ukipata "ndiyo" moja, panda. Huna hata moja, kaa umsikilize yule mama wa nyuma.

Halafu usiombe nafasi ya shemeji ili umfanye awe mwema. Wenye nguvu hawabadiliki kwa sababu wewe umewaigiza vizuri. Tafuta anachoweza kufanya mnyonge, na angalia nani mwingine jukwaani angeweza kumsaidia akanyamaza: jirani aliyesikia, mama mkwe wa chumba cha pili. Huenda huyo aliyenyamaza ndiye wewe.

9. Usilie ukadhani umelipa.

Igizo likikuliza, usijidanganye kwamba umetimiza wajibu. Machozi ni mwanzo wa hesabu. Msanii amekuletea swali la kweli, ametafuta ukumbi, ameshindwa mbele yako jioni nzima. Deni lililobaki ni lako, na hulilipi kwa kusema "wamefikisha ujumbe". Ujumbe umefikishwa kwa nani, kama kila aliyekuwepo ameupitisha kwa mwenzake?

Njia ya mkato ya kulipa ni hii: kabla hujatoka, mtafute mtu mmoja uliyemtambua ndani ya kisa kile. Kila mtaa una mjane mwenye bahasha. Mpelekee jina la mahakama, siku ya kwenda, na ahadi kwamba utamsindikiza. Jioni nzima ya sanaa itakuwa imepata thamani yake kwa safari hiyo moja.

KWA NYOTE WAWILI

10. Fungueni daftari.

Mgeni rasmi atakuja, kwa sababu wageni rasmi hupenda kuja. Mpeni kiti cha mbele na kutajwa jina, hata yeye ana moyo. Lakini msimpe hotuba ya kufunga. Mpeni swali moja lililotoka kwa watazamaji, ajibu kwa tarehe. Akisema litashughulikiwa, mwulizeni lini na nani, na aliyeuliza aandike.

Haya si mambo madogo. Boal alirudi nyumbani, akachaguliwa diwani wa Rio de Janeiro, na kati ya 1993 na 1996 aliitumia nafasi hiyo kuliingiza jukwaa katika utungaji wa sheria. Vikundi vya wananchi viliigiza matatizo yao mitaani, watazamaji wakapanda kuyatafutia njia, na kilichopatikana kikaandikwa na kupelekwa baraza la jiji. Sheria 13 zilipita. Mojawapo ilitokana na wasioona, waliosema kwamba vibanda vya simu vinavyoning'inia barabarani havigusiki kwa fimbo: fimbo inapita chini, kichwa kinagonga juu. Wakadai chini yake pajengwe kitako kinachogusika. Hakuna msanii mwenye macho ambaye angelijua hilo, na hakuna asiyeona ambaye angelifikisha barazani peke yake.

Kwa hiyo gawaneni hivi. Msanii awajibike kwa ukweli wa swali, kwa usalama wa aliyempa kisa, na kwa kurudi. Ndiyo, kurudi: baada ya miezi michache, uwanja ule ule, daftari mkononi. Mtazamaji awajibike kwa jibu, na kwa miguu ya kulitembeza jibu hilo mpaka ofisini, mahakamani au kwenye kikao cha ukoo. Msanii akibeba vyote viwili anakuwa mhubiri, na mtazamaji akiachiwa vyote viwili ametelekezwa.

Siku ya kurudi, msianze na igizo jipya. Someni majina. Aliyesema atakwenda mahakamani, alikwenda? Alikwama wapi? Pale alipokwama ndipo igizo lenu la pili linapoanzia, na safari hii atakayeshindwa jukwaani ajue vizuri zaidi ameshindwa na nini.

Basi nenda kashindwe. Chagua pabaya penyewe, shindwa kwa akili zako zote, mpishe mwenzako mapema. Na mama wa nyuma akisimama kukaza kanga, mpokee kwa mikono miwili na umwachie nafasi.